Vihusishi Visivyo na Kazi Baada ya Vitenzi vya Kiingereza: Historia Yake Ikitazamwa Kutoka Burat, Isiolo

Miongoni mwa makosa ambayo walimu wa Kiingereza katika Kenya huyasahihisha kila mwaka bila ya kuyamaliza, lipo moja ambalo mtu aliyezoea lugha hiyo kwa masikio tu huenda asilitambue. Mwanafunzi huandika 'discuss about' badala ya 'discuss', 'request for' badala ya 'request', 'emphasize on' badala ya 'emphasize', 'enter into the house' badala ya 'enter the house'. Kitenzi kinajitosheleza, lakini mwandishi hukipachikia kihusishi kisicho na kazi. Mwalimu hupiga mstari mwekundu, hukata alama, na akiulizwa asili ya kosa hilo, jibu lake huwa tayari: mwanafunzi amefikiri kwa lugha ya nyumbani kisha akatafsiri. Jibu hili limerudiwa mara nyingi mno hata limekuwa kama kanuni isiyohitaji ushahidi. Makala haya yanakusudia kulipima. Tutafanya hivyo kwa kusimama mahali pamoja, yaani Burat katika Isiolo, na kutoka hapo kuiangalia historia ya lugha zinazohusika, Kiingereza chenyewe kikiwa mojawapo.

Burat imechaguliwa kwa sababu inalitia jibu hilo katika jaribio gumu. Ni kata iliyo jirani na mji wa Isiolo, mahali ambapo malisho ya wafugaji yanakutana na mashamba madogo yanayonyweshwa kwa maji ya mto. Mji wenyewe ulikuwa zao la utawala wa kikoloni: baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wasomali waliokuwa wamelitumikia jeshi la Waingereza walipewa makao hapo, na baadaye Isiolo ikawa makao makuu ya utawala wa mipaka ya kaskazini. Waturkana walifika kutafuta kazi na malisho, Waborana na Wasamburu walikuwa na mifugo yao katika nchi hiyo, na Wameru walishuka kutoka upande wa kusini kwa kilimo na biashara. Anders Hjort, katika uchunguzi wake wa mji huu uliochapishwa 1979, alieleza vizuri jinsi watu hawa walivyoishi pamoja bila ya kuacha uhusiano wao na nyika. Kwa mtafiti wa lugha, jambo kubwa ni kwamba katika eneo dogo kama hili zimekusanyika lugha za jamii tatu zisizo na asili moja: za Kibantu, za Kikushi na za Kiniloti. Ikiwa vihusishi vya ziada vinatoka nyumbani, basi watoto wa nyumba hizi hawakupaswa kukosea kwa namna moja.

Tuanze na Kiswahili na Kimeru, ambazo ni ndugu. Lugha hizi zina njia ya kale sana ya kuonyesha uhusiano baina ya tendo na mtu, mahali au chombo, nayo ni kiambishi kinachoingia ndani ya kitenzi. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanakihesabu kuwa urithi kutoka lugha mama ya Kibantu. Katika Kiswahili ndiyo kauli ya kutendea: 'andika' huzaa 'andikia', 'soma' huzaa 'somea', na vitenzi kama 'nunua' hurudisha ile 'l' iliyopotea zamani vikawa 'nunulia'. Mfugaji wa Burat hahitaji somo katika jambo hili. Yeye anajua kwamba 'kuhama' ni kuondoka na 'kuhamia' ni kwenda kukaa. Anajua tofauti ya kukimbia na kukimbilia. Na akizungumza juu ya birika la kunyweshea ng'ombe, sauti moja tu ndani ya kitenzi imebeba kazi ambayo Mwingereza angeigawia neno zima. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Unguja, alikwisha kuona katika kitabu chake cha 1870 kwamba kauli hii hufanya kazi inayofanywa na vihusishi katika Kiingereza. Ashton, katika sarufi yake ya 1944, aliipa nafasi kubwa zaidi.

Kiturkana na Kisamburu si za Kibantu, lakini katika hili hazitofautiani sana na jirani zake. Dimmendaal, katika sarufi yake ya Kiturkana ya 1983, ameeleza kiambishi kinachoongezwa mwishoni mwa kitenzi ili kumwingiza yule anayetendewa. Kimaasai, ambacho Kisamburu ni jamaa yake wa karibu sana, kina kiambishi cha namna hiyo pia, na kwa upande wa vihusishi kina kimoja kikuu tu, 'te', kinachotosha kwa mahali, wakati na chombo. Kiborana, kikiwa tawi la Kioromo, hukiweka kitenzi mwisho wa sentensi na kuitia alama ya uhusiano kwenye mkia wa nomino au nyuma yake. Kisomali kina mtindo wa kupendeza zaidi ya yote. Vipo vijineno vinne, 'u', 'ku', 'ka' na 'la', ambavyo havikai karibu na nomino inayohusika bali husogea vikasimama mbele ya kitenzi chenyewe, B. W. Andrzejewski aliandika makala ya kina juu yake mwaka 1960.

Tofauti zote hizi zisitufiche jambo moja. Katika lugha nne kati ya hizi tano za nyumbani, uhusiano huonyeshwa ndani ya kitenzi au ubavuni pake, na katika ya tano huonyeshwa kwenye mkia wa nomino. Hakuna hata moja yenye desturi ya kutawanya vijineno huru baada ya kitenzi kama afanyavyo Mwingereza. Ni vigumu basi kuamini kwamba mtoto anayetoka katika lugha zinazobana vihusishi kiasi hiki ndiye anayeupeleka Kiingereza mzigo wa vihusishi. Tena kosa lenyewe si la Isiolo peke yake, wala si la Kenya. 'Discuss about' inasikika Nigeria, Ghana na India, katika vinywa vya watu ambao lugha zao hazina uhusiano wowote na Kimeru wala Kiturkana. Kosa linalozaliwa kila mahali haliwezi kuwa na baba mmoja aliyeko Burat.

Inafaa basi tumtafute baba huyo ndani ya Kiingereza chenyewe. Kiingereza cha kale kilionyesha uhusiano kwa miisho ya nomino. Kati ya karne ya 11 na ya 13 hasa, miisho hiyo ilidhoofika ikaanguka, na vihusishi vikachukua kazi yake. Vitenzi vya asili vya lugha hiyo vikazoea kutembea na vijineno nyuma yake: 'talk about', 'ask for', 'go into', 'come near to'. Lakini katika muda huohuo, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, lugha ilianza kupokea maneno mengi ya Kifaransa na Kilatini, na vitenzi vya Kilatini vilikuwa vimekwisha kumeza vihusishi vyake karne nyingi kabla. Katika 'approach' kimo kihusishi cha Kilatini 'ad', yaani 'kwa, kuelekea', kilichoungana na neno lenye maana ya karibu. Katika 'accompany' kimo hichohicho. Katika 'comprise' kimo 'com', yaani 'pamoja'. Hata 'answer', neno la asili lisilotoka Kilatini, lina mwanzoni mwake kiambishi cha kale chenye maana ya 'mkabala'. Mtu anayesema 'approach to the river' anasema 'kwa' mara mbili, ila ile ya kwanza imevaa nguo asizozitambua.

Hapa ndipo historia ya Kiingereza inapokutana na sarufi ya Kiswahili. Mlatini alitia kihusishi kichwani mwa kitenzi, Mswahili akakitia mkiani, lakini kazi ni moja. 'Talk about' ni 'zungumza juu ya', na 'discuss' ni 'zungumzia'. 'Come near to' ni 'fika karibu na', na 'approach' ni 'karibia'. Watu walikaribia mto. Hakuna Mswahili asemaye walikaribia kwa mto. Laiti mwalimu wa zamu ya kwanza angeanzia hapa, angemkuta mwanafunzi wake amekwisha kuijua kanuni anayotaka kumfundisha.

Kosa basi linatoka wapi? Tukiyatazama makosa yenyewe moja moja tutaona kwamba karibu kila kihusishi cha ziada kina jirani yake halali katika Kiingereza. Nomino 'discussion' hufuatwa na 'about', nomino 'request' hufuatwa na 'for', nomino 'emphasis' hufuatwa na 'on', na 'demand' ikiwa nomino hutaka 'for' ambapo ikiwa kitenzi haitaki chochote. Aliyejifunza nomino na kitenzi pamoja, hasa pale ambapo umbo ni lilelile kama katika 'request' na 'demand', ana sababu nzuri ya kufikiri kwamba vinakula chakula kimoja. Isitoshe, vipo vitenzi vya maana iliyo karibu ambavyo hutaka kihusishi: 'ask for', 'insist on', 'consist of'. Mwanafunzi ameona kwamba vitenzi vya Kiingereza vina mikia. Alipokutana na 'look at', 'look for' na 'look after', ambavyo katika Kiswahili ni vitenzi vitatu tofauti kabisa, yaani 'tazama', 'tafuta' na 'tunza', alijifunza kwa taabu kwamba mkia ukikosewa maana yote hupotea. Anapofika kwenye kitenzi kisicho na mkia humtengenezea, kwa tahadhari. Hilo ni kosa la mtu aliyesoma sana, si la mtu asiyesoma.

Tupime na upande wa pili. Katika Kiswahili mtu huomba ruhusa, wala haombi kwa ruhusa. Husisitiza jambo, wala hasisitizi juu ya jambo. Hujadili suala, ijapokuwa nomino 'mjadala' hufuatwa na 'juu ya' au 'kuhusu' sawasawa na Kiingereza. 'Request for' na 'emphasize on' haziwezi kuwa tafsiri ya Kiswahili kwa sababu Kiswahili hakisemi hivyo.

Hata hivyo haki inatutaka tukubali kwamba yapo makosa machache ambayo yana alama za Kiswahili. Vitenzi vya kutendana hufuatwa na 'na': mtu hukutana na mwenzake, hufanana na babake, hulingana na wenziwe. Anayeandika 'resemble with' au 'depends with', maneno ambayo ni ya kawaida sana katika Kiingereza cha Kenya, huenda amesukumwa na 'na' hiyo. Vilevile desturi ya Kiswahili ya kusema 'ingia ndani', 'toka nje' na 'panda juu', ambayo kwa Mswahili ni mkazo wala si upungufu wa akili, yaweza kuwa inamsaidia aandikaye 'enter into'. Lakini katika hilo la mwisho tusisahau kwamba tafsiri ya Kiingereza ya Biblia iliyotolewa 1611 inatumia 'enter into' mahali pengi ambapo leo kitenzi kingesimama peke yake. Mipaka ya kihusishi kinachohitajika na kisichohitajika haikuchorwa siku moja, wala haijatulia. Wamarekani husema 'protest' pasipo 'against' na 'write me' pasipo 'to', huku wakisema 'meet with' ambapo Mwingereza wa zamani angetosheka na 'meet'. Mwanafunzi wa Burat hukatwa alama kwa kosa ambalo likitamkwa Chicago huitwa lahaja.

Ipo sura nyingine ya historia hii isiyoweza kuachwa, kwa sababu inahusu aina ya Kiswahili kilichofika kaskazini. Eneo hilo lilitawaliwa kwa sheria za kulifunga, ya 1902 na baadaye ile ya Wilaya Maalumu ya 1934, ambazo zilizuia watu kuingia na kutoka bila ya kibali. Kiswahili hakikupelekwa huko kwa mashairi wala kwa vyuo. Kilikwenda na askari, makarani na polisi. Jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, lilikuwa na Kiswahili chake cha amri, na walowezi wa nyanda za juu walikuwa na chao, ambacho kimepata jina la Kisetla. Bernd Heine (1973) na Anthony Vitale (1980) wamezieleza aina hizi za Kiswahili kilichopunguzwa. Sifa yao kubwa, kwa ajili ya mjadala wetu, ni kwamba minyambuliko ya kitenzi imevunjwa na mahali pake pamechukuliwa na 'kwa'. Badala ya 'mletee bwana chai' tunasikia 'leta chai kwa bwana'. Badala ya 'mwambie' tunasikia 'sema kwa yeye'. Mwenye masikio ataona mara moja kwamba huu ni mpangilio wa sentensi ya Kiingereza uliovishwa maneno ya Kiswahili. Ofisa aliyejifunza Kiswahili kwa miezi michache alikitenga kihusishi na kitenzi kwa sababu ndivyo alivyozoea kwao, na askari wake, ambao wengi nao Kiswahili haikuwa lugha yao, walikipokea hivyo na kukipeleka kambi hadi kambi.

Kwa hiyo, hata pale ambapo mwalimu anadhani ameona Kiswahili kikiharibu Kiingereza, yawezekana anachokiona ni Kiingereza cha kambini kinachorudi shuleni kwa mlango wa nyuma. Wakati uleule Halmashauri ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilikuwa ikishughulika na kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, lahaja ambayo kauli ya kutendea ilikuwa hai katika kila sentensi yake. Vitabu sanifu na Kiswahili cha kambini vilisafiri kwa njia mbili tofauti, na kwa muda mrefu hiki cha pili ndicho kilichofika Isiolo kwanza.

Shule zilifuata baadaye, na sera zake zilibadilika mara kwa mara. Tume ya Ominde ya 1964 iliunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza kwamba madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha inayotawala eneo la shule. Pendekezo hili ni jepesi mahali penye lugha moja. Burat haina lugha moja inayotawala, na penye mchanganyiko wa namna hiyo ni Kiswahili kilichobaki kuwa cha wote. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, kufuatia ripoti ya Mackay ya 1981, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye mtihani. Kuanzia hapo mwanafunzi alikuwa na lugha mbili za kutahiniwa, zikifundishwa na walimu wawili ambao mara chache waliulizana nini kimefundishwa katika chumba cha jirani. Mmoja alieleza kauli ya kutendea ubaoni asubuhi. Mwingine, mchana, alikata alama kwa 'discuss about' bila ya kusema kwamba ni kanuni ileile. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa mpaka 2023, kihusishi kimoja katika nafasi iliyoachwa wazi kilikuwa na thamani ya alama, na alama ziliamua ni nani aende shule ipi ya sekondari. Kwa mtoto wa mfugaji, ambaye familia yake yaweza kuwa imehama mara mbili katika mwaka huo wa mtihani, hilo si jambo la mapambo ya lugha.

Jambo linalosikitisha zaidi kwa maoni yetu ni kwamba maradhi yamekwisha kuvuka upande wa pili. Kiswahili cha ofisi, cha mikutano na cha vyombo vya habari, ambacho sehemu yake kubwa huandikwa na watu waliosoma kwa Kiingereza, kimeanza kukipachika kihusishi baada ya kitenzi ambacho kimekwisha kukimeza. Tunasoma kwamba wajumbe 'walizungumzia kuhusu maji', ambapo 'walizungumzia maji' ingetosha, au 'walizungumza kuhusu maji' kwa anayependa. Tunasikia kwamba mashujaa 'walipigania kwa ajili ya uhuru', kana kwamba mtu huweza kupigania uhuru kwa namna nyingine. Tunaambiwa kwamba msaada 'umenunuliwa kwa ajili ya' wahanga wa ukame, wakati 'wamenunuliwa chakula' imekaa palepale tayari. 'Kuhusu' na 'kutoka' ni vitenzi kwa umbo lake, na sasa vimekwisha kuwa vihusishi vinavyofanya kazi kila siku. Hatuoni ubaya kwa hilo, kwani lugha hujitafutia maneno pale inapoyahitaji. Tunachokipinga ni kulipia kitu mara mbili.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi ilivyo vigumu sasa kutenganisha mkopaji na mkopeshaji. 'Kutegemea' ni kitenzi kinachochukua yambwa moja kwa moja: mavuno yanategemea mvua, na shamba la Burat linategemea mto. Siku hizi tunasikia, na kusoma pia, 'inategemea na mvua'. Wengine wataeleza 'na' hiyo kwa kuilinganisha na 'kulingana na' na 'kutokana na'. Wengine wataona ndani yake kivuli cha 'on' ya 'depend on', ambacho mfasiri alihisi kwamba lazima kiwe na mwenziwe katika Kiswahili. Kisha Mkenya huyohuyo akigeukia Kiingereza husema 'it depends with', ambamo 'with' ni tafsiri ya 'na' ambayo yenyewe yaweza kuwa tafsiri ya 'on'. Mwalimu wa Kiingereza anapoipigia mstari 'with' hiyo akiandika pembeni kwamba ni athari ya lugha ya mama, na mwalimu wa Kiswahili anapoipigia mstari 'na' akiandika kwamba ni athari ya Kiingereza, wote wawili wana sehemu ya ukweli, na daftari zote mbili ni za mtoto mmoja.